Nimegeuzwa mpima ardhi

Chikongola, Mtwara

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, ila mguu wa mama bado. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na swali lako la programu gani uweke kwenye simu mpya nimelilalia. Kwa kifupi, weka OsmAnd, ile ya ramani, upakue ramani ya huku kwetu ungali na bando. Hata likikata, njia unaiona. Hizo za kurembesha picha muulize Sikujua, ndiye fundi.

Sasa kilichonikalisha niandike. Unakumbuka Pokémon GO, ule mchezo wa simu wa 2016 wa kutembea ukisaka viumbe, tulivyomcheka Hamisi akizunguka minazi na simu? Nimenasa, shoga. Nina samaki anaitwa Magikarp, hana kazi, anarukaruka tu kama aliyemwagwa mchangani. Ukifikisha pipi 400 za humo mchezoni anageuka Gyarados, joka zima. Na ukitembea naye kilomita moja unapata pipi moja! Piga hesabu: kuja Lindi na kurudi, mara mbili, kwa miguu. Nikamwomba Saidi anipakie kwenye boda. Wapi, ukizidi kama kilomita kumi kwa saa mchezo hauhesabu. Saidi akaenda polepole hadi tukapitwa na mzee wa baiskeli mwenye tenga la samaki.

Jumamosi nikaenda Mikindani, maana samaki hao hupenda kutokea karibu na maji. Nikawa natembea hatua tano, nasimama, natazama simu. Kumbe kuna bibi barazani, anamenya ming'oko, ananitazama muda wote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnaanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kuvunja."

Akanishika mkono hadi ukutani. X nyekundu, imepauka mpaka imekuwa rangi ya chai. Anasema walikuja watu na chombo cha miguu mitatu, wakachora, wakachimbia bikoni, lile jiwe la mpaka, hawajaonekana tena. Bikoni ameiwekea kopo la kunyweshea kuku. Kuta tatu kazipaka chokaa. Ule wenye X kauacha, anaogopa akiifuta atashtakiwa.

Nikamwonyesha Magikarp nijitetee. Akacheka: "Huyu hata mchuzi hatoi." Nikadhani yameisha. Naaga, ananifungia ming'oko kwenye mfuko, ananiambia taratibu: "Ukirudi kazini waambie mimi nipo." Zuhura, hakuniamini hata kidogo! Na mimi nikapokea ming'oko ya watu kama afisa kweli.

Mama anasema niachane na michezo ya kitoto. Sijui. Tangu siku ile nikifungua simu naiona ile X, halafu ule ukuta mmoja mchafu katikati ya chokaa... basi.

Mdogo wako si bado yuko ofisi ya ardhi? Muulize, bibi kama huyu akitaka kujua nyumba yake imo kwenye hifadhi ya barabara au haimo, anaanzia wapi, kwa mtendaji au halmashauri? Na akipaka chokaa juu ya X ni kosa kweli? Kuna ada? Nikienda naye mimi watanisikiliza, au lazima aende mwanawe? Na pawabenki yangu utaituma lini, au imeshaolewa huko? Ukimpa kondakta wa basi la asubuhi, nipigie niipokee stendi, nataka kurudi Mikindani Jumamosi hii.

Wako,
Somoe

Pipi ninazo 61.