Wazazi wa darasa la 9 hadi 12: suala la alama

Habari za jioni wazazi wenzangu. Jana nilikaa na ripoti ya kijana wetu mmoja wa darasa la 11. Uwanjani ni moto, lakini masomo ya msingi yanayokubaliwa na NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani) amemaliza 6 tu. Imeniuma sana.

Kucheza Divisheni ya 1, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, mtoto anahitaji masomo ya msingi 16 na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4.0, Divisheni ya 2 ni 2.2. Kwa Divisheni ya 1, masomo 10 lazima yakamilike kabla ya muhula wa 7, yaani kabla hajaanza darasa la 12, na 7 kati yake yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Hapo akishapita, hakuna kuyarudia ili kupandisha wastani. Michezo na muziki havihesabiwi.

Waliosoma sekondari kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma (Kenya) au Nyarugusu (Tanzania) kabla ya kuja Marekani, tafuteni vyeti vya huko mapema, vinachelewa.

Wiki hii mwombeni mshauri wa shule orodha ya masomo yaliyoidhinishwa. Jumamosi baada ya mazoezi njooni na ripoti, nitakaa na kila mmoja.