Wifi yangu, mwache mtoto ateleze

Wifi yangu mpendwa,

Habari za Kihesa? Ujumbe wako nimeupata. Unauliza viatu vya matairi, vile vya kutelezea, vina faida gani kwa mtoto wa kike, tena mwenye pumu, na mimi mtu mzima navitafutia nini kila Jumamosi hapa Uyole. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wananiuliza hilohilo.

Mapenzi haya yalianzia Nairobi, enzi nafanya kazi kule, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Nilikuwa nimetoka kumzika mama. Usingizi hauji, chakula hakipiti. Rafiki akanivuta twende. Kiatu cha barafu, wifi, chuma chake kina mfereji mwembamba katikati, kwa hiyo kingo ni mbili, ya ndani na ya nje. Ukiegemea ukingo wa nje, mguu mmoja umeuinua, mwili wenyewe unachora duara. Ukiwaza kitu kingine hata kidogo, uko chini. Muda wote ule msiba haukupata pa kukaa kichwani mwangu, na usiku nililala. Sisemi barafu inaponya huzuni. Nilimlilia mama muda mrefu baada ya hapo. Ila nilipata pa kupumulia.

Mbeya baridi tunayo, ya Juni inaingia hadi mifupani, na kule Kitulo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, lakini barafu ya kutelezea hatuna. Ndiyo maana niko kwenye saruji ya uwanja wa kikapu. Matairi hayana ukingo ule wa chuma, lakini kuegemea, kukunja magoti, kujizungusha, yote yapo. Mapaja yanakaza, mgongo unanyooka, na mtu mwenye mawazo mengi anatua.

Kuhusu kuanguka, kwangu hilo ndilo somo la kwanza: magoti yakunjwe, uangukie ubavu, kwenye nyama ya tako, ngumi umezifunga vidole visije vikapitiwa na matairi. Kofia ngumu na vikinga vya magoti na viganja ni lazima, sibembelezi.

Pumu usiifiche, mpeleke kwanza kwa daktari wake, maana hewa baridi na kavu inaweza kuiamsha. Lakini Yuzuru Hanyu, mtelezaji wa barafu wa Japani, ana pumu tangu utotoni, na alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na tena 2018. Na kaka anayesema huu ni mchezo wa Wazungu, mwambie Debi Thomas, Mmarekani mweusi, alipata shaba ya kuteleza kwenye barafu katika Olimpiki ya Calgary, Kanada, mwaka 1988, akaja kuwa daktari wa upasuaji.

Likizo ya Juni mlete. Viatu vya kumtosha nimeshavipata mitumbani Mwanjelwa, beringi nimebadilisha. Avae soksi ndefu na suruali nzito, na ile dawa yake ya kuvuta mtie mfukoni mwenyewe, si kwenye begi. Wewe nawe njoo na raba. Naanza na wewe.

Wifi yako,
Uyole