Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katibu amenisihi nisipitishe kurasa mbili, maana mwaka jana nilisoma taarifa hadi pilau ikapoa. Mambo ya kawaida basi nayamaliza upesi. Vikao vya kila mwezi vimefanyika isipokuwa Ramadhani. Tumepata wanachama wapya, wengi wao mafundi wa maabara na walimu wa sekondari. Ada, kama ilivyo desturi yetu, imelipwa na wale wale. Mhazini anayo orodha ya wengine, na ameniambia hataisoma kwa sauti kwa wale watakaomwona kabla ya chakula.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa usomaji. Tulikubaliana tuache kurukaruka, tushike swali moja: tabia ya mdudu hubadilikaje kizazi hadi kizazi, na badiliko hilo hukaa wapi kichwani mwake? Tulianzia mbali, kwa vipepeo wa Heliconius wa Amerika ya Kati na Kusini. Hao, tofauti na vipepeo wengine, hula chavua, na kila siku huzungukia maua yale yale kwa njia ile ile, kama muuza maziwa anavyozungukia nyumba za wateja wake. Katika ubongo wa mdudu kuna sehemu ya kujifunza na kukumbuka, inayoitwa miili ya uyoga kwa sababu ya umbo lake. Kwa Heliconius sehemu hiyo imekua hadi mara mbili, hata mara nne, ikilinganishwa na ya jamaa zao wa karibu. Mwenye mengi ya kukumbuka kajengewa ghala kubwa. Vijana waliondoka kikaoni wamefurahi, mimi nikabaki na wasiwasi, kwani kila mmoja alikuwa ameshaamua kwamba tabia mpya lazima idai ubongo mkubwa.

Ndipo tukaja Rabai, pwani ya Kenya, karibu na Mombasa.

Wengi wenu mmepita Rabai mkienda Kaloleni, na mkiulizwa mtataja kanisa na habari za mmisionari Krapf. Kwa watu wa wadudu, jina hilo linajulikana duniani kwa sababu nyingine. Miaka ya 1970 watafiti walikuta huko mbu wa Aedes aegypti wa namna mbili, wakiishi mita mia chache tu baina yao. Mmoja ni mweusi zaidi, hutaga kwenye matundu ya miti yanayotuama maji, na hunyonya wanyama. Mwingine, wa rangi iliyopauka kidogo, alikuwa amehamia majumbani, akitaga kwenye mitungi ya maji na kumfuata binadamu. Spishi ni moja. Ukiwaweka pamoja maabara wanazaana. Mbu wa namna hii ya pili, aliyeenea hadi Asia na Amerika, ndiye mwenezaji mkubwa wa kidingapopo, na wa chikungunya pia, ugonjwa ambao jina lake lilitoka kwa Wamakonde baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika.

Mwaka 2014 Carolyn McBride, Leslie Vosshall na wenzao walichapisha kazi yao juu ya mbu hao katika jarida la Nature. Orodha ya waandishi inao pia Wakenya, wakiwemo Joel Lutomiah na Rosemary Sang. Nataja hilo kwa sababu katika kikao cha Machi kuna aliyesema habari za kwetu huandikwa na wageni watupu. Mbu walipewa chaguo: mkono wa mtu upande huu, simbilisi upande ule. Wa mtungini wakaufuata mkono, wa msituni wakamfuata simbilisi. Watafiti wakawachanganya, wakachukua wajukuu, wakawatenga kwa kadiri ya walichochagua, kisha wakatafuta ni jeni gani zinazoandamana na chaguo hilo. Iliyojitokeza iliitwa Or4. Ni jeni ya kipokezi kimoja cha harufu kwenye vipapasio, na kipokezi hicho huisikia sulkatoni, kemikali iliyo nyingi katika harufu ya mwili wa binadamu. Mbu wa mtungini anayo Or4 kwa wingi zaidi, na ya aina iliyo nyepesi zaidi kuisikia.

Si Or4 peke yake, waandishi wenyewe walisema. Lakini tazameni mahali ilipo. Heliconius alipanua ghala. Kwa mbu wa Rabai, kilichoonekana kiko mlangoni, kwenye vipapasio harufu inapoingilia. Nzi mmoja wa Shelisheli, Drosophila sechellia, anatupa mfano wa namna hiyo hiyo: ameng'ang'ania tunda la noni, ambalo tindikali zake huwaua jamaa zake, na seli zinazosikia harufu ya tunda hilo zimezidi kwenye vipapasio vyake. Mwalimu mmoja wa Kilifi aliuliza kama hiyo ni akili au ni pua tu. Tulibishana mpaka bawabu akaja kuzima taa, na kwenye kumbukumbu Katibu ameandika "mjadala ulikuwa mzuri".

Makala nyingine tuliyoisoma kwa makini ni ya 2020, iliyopima mbu hawa kutoka sehemu 27 za Afrika. Upendo kwa binadamu ulikuwa mkali zaidi pale penye kiangazi kirefu na kikali, kisha pale penye msongamano wa watu. Sababu inayopendekezwa ni rahisi kwa mtu yeyote aliyekulia nyumba isiyo na bomba: matundu ya miti yakikauka, maji yanayobaki ni yale yaliyotekwa na mtu. Mbu akafuata maji, akakuta na damu.

Hapa sina budi kukiri kosa. Mnajua kwamba tulikuwa tukifuga mbu wa Aedes kwa ajili ya mafunzo ya vijana. Wakati wa Idi nilimruhusu fundi wetu aende kwao, nikasema nitawaangalia mwenyewe. Nikaangalia siku mbili. Ya tatu walikuja wageni, ya nne nikasahau, na niliporudi pamba za maji ya sukari zilikuwa zimekauka kabisa na mbu wote wako chini ya vizimba. Kazi ya miezi kumi na moja. Niliwaandikia wajumbe wa kamati barua ndefu ya kuomba radhi, na kabla sijaituma fundi akarudi, akaenda kabatini akatoa kopo la biskuti. Ndani alikuwa ameweka vipande vya karatasi vyenye mayai, kila kimoja na tarehe kwa penseli. Mayai ya Aedes huvumilia ukavu kwa miezi; ndiyo silaha yake ya kiangazi, na ndiyo iliyompitisha baharini. Tuliyalowesha jioni. Asubuhi viluwiluwi walikuwa wakicheza.

Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo, wala hapakuwa na mstari wa bajeti wenye jina lake. Analipwa kwa mkataba wa miezi sita sita, na mara mbili mwaka huu mkataba umechelewa.

Upande wa vijana wetu wa uzamivu hali si njema pia. Mmoja amepokea majibu ya jarida baada ya miezi minane: wakaguzi wameikubali makala, na ankara imeambatishwa. Sisemi ni jarida gani. Ila mjue kwamba Nature yenyewe ilitangaza mwaka 2020 ada ya yuro 9,500 kwa anayetaka makala yake isomwe bure na wote. Majarida mengi husamehe ada kwa nchi za kipato cha chini, kwa kufuata orodha ya Benki ya Dunia. Tanzania ilipandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati mwaka huo huo wa 2020, Kenya ikiwa imeshatangulia. Waliopiga vigelegele walikuwa wengi. Mwanafunzi mwenye makala mkononi hakuwa miongoni mwao. Mwenzetu mwingine alikosa viza wiki moja kabla ya kongamano alilokuwa aende kutoa mada, akaitoa kwa simu huku umeme ukikatika.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja. Kila mwaka tunatenga fedha za kumpeleka mwenyekiti kwenye kongamano la nje. Tunaomba fedha hizo mwaka ujao zimlipe mfugaji wa mbu, mwaka mzima, kwa barua moja badala ya mikataba ya vipande, na jina lake liwekwe kwenye kila kazi itakayotokana na mayai yake. Wapo wajumbe wawili wasiokubali, wanaosema chama kisipoonekana nje kitasahaulika. Nimewaomba waseme wenyewe, nao watapewa muda sawa na wangu.

Hoja ni ajenda ya tano. Kabla yake Mhazini atasoma hesabu, na kopo la biskuti liko mezani pale kwa anayetaka kuliona. Tafadhali msilifungue karibu na glasi za maji.