Kinu cha utafiti kinahitaji mtu wa kukaa na kifaa

Mhariri,

Kila mjadala wa kinu cha nyuklia cha utafiti unapozuka hapa Nairobi, maswali huwa mawili: kitajengwa wapi, na je, ni salama? Ni maswali ya haki. Ila la tatu huachwa: nani atakaa na kifaa cha kupimia mtawanyiko wa nyutroni (chembe zitokazo kwenye kinu, ambazo zikipita katika sampuli huonyesha umbo la vitu vidogo ndani yake), kitakapogombewa na mtaalamu wa maziwa wa Kabete, mhandisi wa vyuma na mwanajiolojia, kila mmoja akiwa na siku mbili tu?

Chukua mtaalamu wa maziwa. Nyutroni hutofautisha haidrojeni ya kawaida na dyuteriamu, yaani haidrojeni iliyo nzito zaidi, ndiyo maana maji ya kawaida huchanganywa na maji mazito, yaliyoundwa kwa dyuteriamu. Mchanganyiko ukifika takriban asilimia 40 ya maji mazito, protini "hutoweka", kwa kuwa hutawanya nyutroni sawa na maji yanayoizunguka, na mafuta yakabaki yakionekana. Ni ufundi mtamu, lakini hapo ndipo mgeni anapoteleza. Sampuli hutiwa katika kichupa bapa cha kwatzi, kama mililita 0.3. Kwa maji ya kawaida unene uwe milimita 1, kwani haidrojeni hutawanya nyutroni ovyo, na hata unene huo hupoteza karibu nusu ya mwali wa nyutroni. Kwa maji mazito, milimita 2 hufaa. Chupa ya maji mazito ikiachwa wazi msimu wa mvua hunywa unyevu wa hewani, na ile asilimia 40 si 40 tena. Kipima pH nacho husoma pungufu kwa takriban 0.4 ndani ya maji mazito. Asiyejua huanza kupambana na asidi isiyokuwapo. Sampuli iliyotoka kwenye friji ikipashwa moto hutoa viputo, navyo hutawanya nyutroni kama sampuli yenyewe.

Bado vipimo vya kutoa kwenye hesabu: kichupa kitupu, maji ya mchanganyiko uleule bila sampuli, mwali uliozibwa kwa kadmiamu (metali inayomeza nyutroni), na upenyaji wa kila sampuli, yaani sehemu ya mwali inayopita moja kwa moja. Sampuli 10, kigunduzi katika umbali wa aina 3, dakika 20 kila mara: saa 10 zimekwisha, na hivyo vingine havijaguswa.

Kisha kuna kutoka na sampuli. Chumvi iliyomo kwenye sampuli ikipigwa na nyutroni huzaa sodiamu-24, aina ya sodiamu ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 15. Chuma chenye kobalti chaweza kubaki na mionzi kwa miaka. Mhandisi anayetaka kurudi Industrial Area na kipande chake jioni ileile aambiwe wakati wa kuomba nafasi, si mlangoni.

Katika kituo cha nyutroni cha Grenoble, Ufaransa, kila kundi la wageni hupewa mwanasayansi wa kifaa wa kushughulika nalo tangu maandalizi. Hapa tunaomba bajeti itenge, kwa kila kifaa, wanasayansi wawili na fundi mmoja, pamoja na maabara ya kuandalia sampuli jirani na ukumbi wa miali. Vijana waanze sasa kupelekwa Pelindaba, Afrika Kusini, ambako kinu cha SAFARI-1 kilianza kazi mwaka 1965. Na katika ratiba, siku moja kati ya kumi isigawiwe mtu: iwe ya kumfidia ambaye kinu kilizimika akiwa katikati ya kipimo.

Wasomaji wenu,
Nairobi