Kwako Rehema, Dodoma

Shoga yangu,

Za masiku? Mama hajambo? Watoto? Sisi huku tupo, mvua imeifunga Jangwani tena na nauli za bodaboda zimepanda juu. Mama Salma kajifungua salama, mengine atakusimulia mwenyewe, unamjua.

Nina shida na wewe. Bado naenda kuwaona wale wanawake gerezani tukipata kibali. Kuna binti mmoja, jina naliacha, leo ananiita dada wa tumbo moja, nikirudi tena kaninunia kisa nimeanza kumsalimia mwenzake. Ndugu wasipokuja kumwona anagoma kula. Akigombana na mnyapara anajikwaruza mpaka damu. Maafande wanasema anadeka, anataka kuonewa huruma. Basi wanamtenga peke yake, na akitoka huko ndo balaa.

Nilimuuliza taratibu. Akaniambia, "Dada, nikijiumiza kichwa kinatulia." Anasema hivyo huku anavuta mkono wa sweta mpaka kwenye kucha, na joto lile! Sasa anayetaka huruma ndiye wa kuficha makovu? Wapo wanaofanya mbele za watu, sikatai, na wananichosha kweli. Lakini mtu mpaka ajichane ndipo asikilizwe, si ina maana njia nyingine zote alishazikosa?

Tena si wa huku tu. Uingereza na Wales walihesabu kuanzia 2004 hadi 2009: kila mwaka wanawake 20 hadi 24 kati ya 100 waliokuwa magerezani walijidhuru, wanaume 5 au 6 tu. Na yule mama wa Kimarekani, Marsha Linehan, aliyebuni tiba ya kuwafundisha watu wenye matatizo ya haiba, wale wenye hisia kali zinazobadilika ghafla, kuvuka hamaki bila kujiumiza, mwaka 2011 alisema hadharani kwamba naye ujanani alilazwa, akafungiwa chumba cha peke yake, na humo humo akaendelea kujidhuru. Ndiyo maana huku kumtenga kunanikera! Kanuni za Bangkok za 2010, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, ile ya 16, zinataka magereza yapange kuzuia haya pamoja na wataalamu wa afya ya akili. Nikimtajia afande ananiangalia kama nimemtukana. Si mtu mbaya lakini, zamu ya usiku anabaki na mwenzake mmoja tu, afanyeje?

Ndo nikakukumbuka. Wewe na miaka yako yote hospitali ya akili Mirembe, askari watakusikiliza kuliko mimi.

Likizo yako lini? Unaweza kuja uongee nao hata saa moja, tukiomba kibali mapema? Kwa sasa nimwambie nini binti akianza kupandwa na hamaki? Kumshikisha barafu nasikia kunasaidia, lakini barafu gerezani nitaitoa wapi? Nikimkatalia jambo nitamkatalia vipi asione nimemtupa? Na sufuria langu la pilau, au ndo limeshaolewa Dodoma?

Nijibu kabla ya Jumamosi, ndiyo siku yetu ya kwenda.

Wako,
Mwajuma