Kwa nini gia yako hulala karakanani

Mteja hufika kwetu Mwanakwerekwe na gia ya mashine ya miwa mkono mmoja, kipande cha flati, yaani ubapa wa chuma, mkono wa pili. "Fundi, nipigie hapa, nasubiri." Akiambiwa arudi kesho mchana, huona anazungushwa.

Flati ile ni chuma laini, kama bomba za mageti; kaboni yake haifiki asilimia 0.3. Gia imemiminwa kwenye kalibu, na chuma chake huweza kuwa na kaboni ya asilimia 0.4 au 0.5. Tofauti ndogo hiyo ndiyo yenye balaa. Ukichomelea gia ikiwa baridi, unene wake hunyonya joto mara moja, na ukanda ulio kando ya mshono hukakamaa mpaka tupa inateleza juu yake. Ukanda huo haupindi, hupasuka. Kijiti cha kuchomelea chenye unyevu huzidisha shari, maana haidrojeni ya maji yale huingia ndani ya chuma. Na masika yetu mnayajua: pakiti ikishafunguliwa, vijiti vinavuta unyevu vyenyewe.

Ufa wenyewe una hila. Gia huondoka nzima, fundi kalipwa, kisha saa kadhaa baadaye, au hata siku ya pili, inapasuka kando ya mshono, mshono wenyewe ukiwa haujaguswa. Hapo lawama huangukia kijiti.

Kwa hiyo kwanza tunaigusa na grenda tutazame cheche, maana ndizo zinazotuonyesha ni chuma gani. Ikiwa ni kile chuma kivunjikacho kama sahani, chenye kaboni zaidi ya asilimia 2, hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Ikiwa sivyo, tunasafisha grisi yote, tunaipasha moto gia nzima, si pale pa kuchomelea tu, hadi kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi. Tunapima kwa chaki inayoyeyuka joto likifika. Mate ya fundi si kipimo. Vijiti ni 7018, aina yenye haidrojeni kidogo, vimetoka kwenye oveni. Tabaka la kwanza tunalipiga kwa moto mdogo, lisichote kaboni nyingi ya gia. Tukimaliza tunaifukia kwenye chokaa kavu, na Unguja chokaa haikosekani, ipoe taratibu hadi asubuhi.

Gesi na oveni ndizo zinazopandisha bei. Ila ukituletea kipande cha usukani au breki, hatukichomelei kwa bei yoyote, nunua kipya.