Sindano ya mdogo wangu iko kwenye mfuko gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo familia nyingi huku Moshi tunalibeba kimya kimya maana likisikika tu mtaani watu wanaanza kusema ule ukoo una vichaa.

Mimi nauza ndizi na nafaka Mbuyuni, nakaa Pasua, na tangu mama afariki nakaa na mdogo wangu wa kiume. Alianza kuumwa akili 2015, wakati huo ni fundi mzuri tu wa kuchomelea mageti. Mwanzoni tulisema karogwa, tukazunguka kwa waganga na kwenye maombi mpaka hela ya mazao ya kihamba, shamba letu la nyumbani, ikaisha yote, baadae ndo tukafika hospitali akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Jamani ile sindano ilimrudisha. Alirudi kazini kabisa, anatoka asubuhi, jioni anarudi na mkate, wanangu wanamkimbilia mjomba wao mlangoni.

Sasa mwaka juzi mwezi wa nane tumefika zahanati tunaambiwa imeisha, njooni wiki ijayo, wiki ijayo haipo, kanunueni nje, nikazunguka maduka ya dawa mjini nikakosa. Wiki ya sita halali, anaongea usiku kucha na watu ambao mimi siwaoni. Wiki ya tisa kavunja vioo vya jirani, vijana wakamfunga kamba wanataka kumpiga, mwenyekiti wa mtaa ndo alifika akawazuia. Tukapewa rufaa ya Mirembe, hospitali kubwa ya akili iliyopo Dodoma, tukampeleka watu wanne, Arusha, Babati, Kondoa mpaka Dodoma, nimemshika mkono njia nzima na yeye analia ananiuliza dada unanipeleka wapi. Niliuza mbuzi wawili na biashara ilisimama karibu mwezi mzima.

Nilivyorudi nikamfuata nesi mmoja nimuulize hii sindano kwa nini inaisha yenyewe wakati za malaria zipo. Akanieleza vizuri bila kunificha. Mgonjwa wa akili yupo kwenye msamaha, halipi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kituo kinanunua dawa nyingi kwa hela kinayokusanya, ya papo kwa papo na ya bima, pamoja na kile kinacholetwa na serikali, halafu kinaagiza Bohari ya Dawa. Dawa ya mgonjwa anayelipa inarudisha hela yake inanunua nyingine. Ya mgonjwa wa msamaha ikitoka imetoka, hakuna anayeirudisha. Kwahiyo hela ikiwa ndogo na inabidi uchague cha kuagiza, ya wagonjwa wetu ndo inasubiri, na ya kifafa pia maana hao nao wanahudumiwa siku hiyo hiyo ya kliniki. Nesi hana ubaya, mganga mfawidhi hana ubaya, hesabu ndo imekaa hivyo.

Na kuna kitu kingine nimekifikiria sana tangu siku ile. Zahanati ipo chini ya halmashauri, na halmashauri ipo chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Mirembe ipo chini ya Wizara ya Afya. Sindano ikikosekana hapa Pasua, halmashauri haipati hasara hata shilingi, hasara inaenda kwa wizara inayomlaza mtu na kumlisha wiki kadhaa, na kwetu sisi tunaouza mbuzi. Na huyo ambaye angeweza kuizuia hasara kwa kununua sindano, yeye haioni kwenye vitabu vyake popote. Hapo ndo naomba wakubwa watazame, kabla hata ya kuongelea kuongeza hela.

Hela nayo ni kidogo kweli. Shirika la Afya Duniani linasema serikali duniani kwa kawaida zinatoa kama asilimia 2 tu ya hela ya afya kwa afya ya akili, na lilipokusanya takwimu za 2020 lilikuta kwenye nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya hiyo hela kidogo inaishia kwenye hospitali kubwa za akili. Tanzania tumeingia kwenye kundi hilo la kipato cha kati 2020. Sisemi Mirembe ipunguziwe, ile hospitali ipo tangu 1927 na inabeba nchi nzima, nilichosema ni kwamba mtu asifike kule kwa sababu ya sindano moja.

Na huku kwetu sio jambo geni. Miaka ya 80 mwanzoni serikali na Shirika la Afya Duniani, kwa msaada wa Denmark, walipoanza kujaribu kupeleka huduma ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya, walianza na mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro. Kilimanjaro hii hii! Kwahiyo walioona mapema kwamba mgonjwa atibiwe karibu na nyumbani kwao walianzia hapa.

Ninachoomba madiwani wetu ni kitu kimoja. Mkikaa kupitisha bajeti kabla ya Julai, dawa za akili na kifafa ziwe na kasma yake, yaani fungu lake la hela, isiguswe kwa kitu kingine, isitegemee makusanyo ya dirishani, na kila robo mwaka mganga mkuu awasomee kwenye baraza ni zahanati ngapi zilikosa sindano na kwa siku ngapi. Wagonjwa wa sindano ya kila mwezi wanajulikana kwa majina, wapo kwenye rejista, kwahiyo idadi ya sindano za mwaka mzima mtu anaihesabu asubuhi moja. Na hii Bima ya Afya kwa Wote ambayo sheria yake ilipita 2023, naomba sindano hii iwe ndani ili kituo kikimchoma mdogo wangu kilipwe kama kinavyolipwa kwa wengine.

Saa hizi yupo nyumbani, ameanza tena kuchomelea vitu vidogo vidogo, majiko na stendi za maua. Sindano inayofuata ni tarehe 14. Mimi nitapita zahanati tarehe 10 kuuliza kama ipo, ili ikikosekana niwe na siku nne za kuitafuta.

Dada wa mgonjwa,
Pasua, Moshi